Kabini Moja, Mama na Mkwe

Marseille, Jumapili jioni

Yaya wangu mpendwa Sifa, dada yangu mkubwa,

Pokea salamu zangu, wewe na nyumba yako yote hapo Kilibula. Mgongo wako unaendeleaje? Na maji ya ziwa, yameshatoka kwenye nyumba ya jirani yenu, au bado wanalala kwa watu? Sisi huku tu wazima. Watoto wanasoma, Baba Neema anaendelea na kazi yake ya kupanga mizigo kwenye bohari, na mimi bado nafua mashuka ya hoteli. Mikono imekuwa migumu lakini inafanya kazi, namshukuru Mungu.

Salamu nimemaliza. Sasa niruhusu nikasirike, Yaya, maana nina hasira ambayo chai haijaipoza. Nimeandika kwenye karatasi kwa makusudi. Ningekutumia sauti kwenye simu, ungeisikiliza hapo uani Mama akiwa pembeni anachambua mchele, na haya ni ya masikio yako kwanza. Barua inakuja na mama mmoja wa kanisa letu anayekwenda Bujumbura. Ameahidi kuvuka mpaka na kukupa mkononi.

Uliniuliza swali. Nilisikiliza sauti yako mara nyingi: "Riziki, Bahati anasema mwaka kesho atatubeba siye bote mu ile meli kubwa. Minye, bwana yangu, mama mukwe wangu, na Mama tena. Sasa weye uliipanda. Iko muzuri kwa bantu kama siye?" Halafu ukaongeza kwamba mdogo wetu anataka jibu upesi ili anunue nafasi, na kwamba Mama ameshakubali.

Ameshakubali! Mama yetu angekubali kupanda hata juu ya paa la kanisa kama anayemwomba ni Bahati. Usinipe kukubali kwa Mama kama ushahidi.

Nitaanza na haki ya ile meli, nisije nikaonekana nasingizia chuma. Ni kubwa kuliko unavyodhani. Ukisimama chini yake bandarini hapa Marseille, shingo inauma kabla hujaona mwisho. Ndani kuna lifti, maduka, jumba la sinema, na juu kabisa wamejenga bwawa la kuogelea. Mama alipoliona aliniuliza, "Hawa bantu beko na shida gani na maji? Beko katikati ya bahari, banajenga tena ingine?" Tulicheka mpaka tukashika ukuta. Watoto hawakutaka kutoka humo bwawani. Mimi mwenyewe, sitakudanganya, nilifurahi kukaa siku kadhaa bila kushika sufuria. Chakula ni kingi cha kutisha, kingine kinamwagwa bila kuguswa, na Mama alikuwa akifunga mikate kwenye kitambaa na kuitia kwenye mkoba kwa ajili ya mtu yeyote atakayeshikwa na njaa. Kwa hiyo meli yenyewe haikunikosea. Aliyenikosea ni ndugu yangu wa tumbo moja.

Unakumbuka Mama alikaa kwetu kwanza kabla ya safari. Nyumba yetu ina vyumba viwili tu. Siku ile ile aliyofika, Baba Neema alichukua mswaki wake na shati la kazi akahamia kwa rafiki yake wa kwaya. Hakuna aliyemwambia. Kila alipotaka kuja kuchukua nguo alipiga simu kwanza, nami nilimpeleka Mama jikoni na kurudisha mlango. Walisalimiana kupitia kwangu, yeye sebuleni na Mama kwenye masufuria, wakaulizana habari za watu wa Kiringye mmoja mmoja, na kila mtu alikuwa na raha yake. Watoto waliona ni mchezo. Ndivyo tulivyoishi, na Mama alinenepa.

Bahati akaja kutoka Kanada na mke wake na mtoto wao, tukaingia melini. Alikuwa ametununulia yeye nafasi zote, na kwa furaha, hilo nalo nalisema kwa haki. Yeye na wake walikuwa na kabini yao yenye roshani. Yetu ilikuwa chini, haina dirisha. Nikafungua mlango.

Kitanda cha watu wawili. Mbele yake, mahali ambapo ukinyoosha mkono unagusa, kochi lililokunjuliwa likawa kitanda cha Mama. Na viwili vya kushushwa kutoka darini, vya watoto. Chumba kimoja! Mama na mkwe wake!

Mama alitazama begi la Baba Neema juu ya kile kitanda kikubwa, akarudi nyuma mpaka kwenye korido. Baba Neema naye alikuwa anakuja na mizigo. Korido yenyewe ni nyembamba, wawili hawapishani. Basi mume wangu, mtu mzima wa mvi, aligeuka akautazama ukuta, na Mama akautazama ukuta wa upande wa pili, na masanduku yakawa katikati yao, na Wazungu wakiwa wamevaa kaptula wanapita wakisema pardon, pardon.

Nikapanda kwa Bahati mbio. Nikamwambia, "Bahati, Mama atalala wapi?"

"Na nyiye. Hiyo njo kabini ya famiye, ya jamaa nzima. Nilichagua hiyo makusudi, tusiachane."

"Na Baba Neema?"

"Si iko na kitanda?"

Nikamwambia kwa upole, kwa sababu bado nilikuwa na upole: wanaume wakae kabini moja, wewe na shemeji yako. Wanawake na watoto tukae nyingine. Ni jambo la kuhamisha mabegi tu. Yaya, alicheka. Alikuwa amekaa kwenye roshani yake, miguu juu, akacheka. "Riziki, hapa hatuko Kilibula. Tuko mu konje, tunapumzika. Hizo mambo ya bazee tuliachaka kule."

Bahati huyu! Bahati ambaye mume wako alipokuja kukuposa, ndiye aliyekaa kwenye jiwe la mlangoni kama mlinzi. Akimwona tu anapinda njia pale kwenye duka, alipiga kelele, "Mama, mukwe iko anakuja!" na Mama akavuta kitenge kichwani akatoka kwa mlango wa jikoni. Bahati ndiye aliyempelekea Mama sahani yake nyuma ya nyumba mlipokuwa mkila. Hakufundishwa na mtu, alikuwa anaona. Leo anajifanya hajui tunatoka wapi? Anajua vizuri. Aliona tu ni kazi kuhama roshani.

Nilikwenda pia mapokezi. Wakasema meli imejaa, hakuna hata kabini moja tupu. Walikuwa na adabu, walinipa peremende.

Nikafikiria boti ya kutoka Kalundu kwenda Kalemie, ile tuliyopanda na Mama tukiwa wadogo. Haina kabini, haina choo cha maana, unalala juu ya magunia ya ndagala, visamaki vile vikavu, na harufu unakaa nayo wiki nzima. Lakini ukishapanda tu, mama yeyote atakuuliza, "Uko na nani?" Ukisema uko na mukwe, watu wanasogea bila kunung'unika, wanawake huku, wanaume kule kwa mashine, na mtu anafunga hema katikati. Boti ya ndagala! Na hii yenye lifti ilishindwa.

Nikafunga kitenge changu kutoka ndoano ya taulo mpaka kwenye kabati, kikatenganisha vitanda. Baba Neema alikuwa anakuja sisi tukiwa tumeshazima taa, anapita upande wake bila kuinua macho, na anatoka kabla ya watu kuamka. Mezani ilikuwa vilevile. Tulipewa meza moja ya jioni, kila siku ile ile, Mama uso kwa uso na mkwe wake. Mama akasema ameshiba. Kila jioni alikuwa ameshiba. Bahati akamcheka, "Mama, kula, nimelipia!" akampiga picha na sahani iliyojaa.

Mimi bahari ilinishika vibaya. Walinipa vidonge, nikawa nalala kama gogo. Kila nikiamka nilimkuta Mama amekaa kwenye kochi lake, amevaa, amefunga kilemba, viatu miguuni. Namuuliza, umelala vizuri? Ananijibu, "Bizuri sana, binti yangu." Nilidhani ameamka mapema kusali, unamjua.

Asubuhi moja, kabla ya meli kufika Napoli, Baba Neema alirudi kabini akagonga mlango wake mwenyewe kama mgeni. Uso ulikuwa umembadilika. Akasema, "Mama Neema, amka. Mama iko kule juu." Alikuwa amepanda kupata hewa, akamwona Mama amelala kwenye kiti cha plastiki kando ya bwawa, amejikunja, kitenge mpaka puani. Hakuweza kumsogelea, wala kumwita jina. Alisimama kwanza mbali akampa mgongo, akawazuia vijana wawili waliotaka kuburuta viti pale, akawaonyesha kwa mikono wapite kwingine. Alipomwona mfanyakazi mmoja wa taulo anafika, akamwachia yeye ulinzi akakimbia kuniita.

Yule mfanyakazi alikuwa dada wa Mombasa. Alinipokea kule juu akaniambia kwa Kiswahili, "Wewe ndiye bintiye? Mimi humpa blanketi kila siku. Yeye huniambia anapenda kuona nyota."

Kila siku, Yaya. Kumbe kila taa ikizimwa Mama alikuwa anashika viatu vyake anatoka kabla Baba Neema hajafika, wanapishana kwa lifti mbili, na anarudi asubuhi yeye akishatoka. Tangu siku ya kwanza. Mama wa umri wake ule, na upepo wa bahari, na kile kifua chake kilichotokana na miaka ya moshi. Nilipiga magoti pale kando ya bwawa, nikalia, nikamuuliza kwa nini hakuniamsha.

Alinijibu taratibu: "Minye siwezi kulala pembeni ya mukwe wangu, nikakoroma, akanisikia. Nitamuangalia tena na macho gani? Lakini usimuambie Bahati. Alifurahi sana kutuweka pamoja."

Siku zilizobaki Baba Neema alikataa kuingia kabini hata kubadilisha soksi. Alikaa kwenye viti vya mkahawa na koti lake. Mama alilala mpaka jua likawa kali, na nilisimama juu yake nikimwangalia anavyokoroma, nikawa na furaha na hasira kwa pamoja, sijui kama umewahi kupata hivyo viwili kwa mpigo.

Nilishika neno la Mama, sikumwambia Bahati. Nilinyamaza alipoweka ile picha ya sahani kwenye kikundi cha familia, na nyote mkaandika Amina. Lakini baada ya sauti yako nilimpigia nikamwambia lote. Unajua alivyojibu? "Lakini Mama hakusema kitu. Weye njo unapenda kuleta maneno." Halafu akaniambia safari hii amepata kabini kubwa zaidi, mtaingia nyote wanne!

Wote wanne, Yaya. Wewe na mume wako, mama yake aliyemzaa, na mama mkwe wake. Hebu yaweke hayo machoni pako.

Mke wa Bahati alinipigia kesho yake akilia. Alisema hakujua lolote, angehamia kwetu na mtoto wake siku ile ile. Kwa hiyo dawa ilikuwepo. Ilikosa mtu wa kushusha miguu kwenye roshani.

Basi jibu langu ni hili. Meli kubwa zinafaa watu ambao mama, mkwe, mtoto na mgeni wao wanaweza kulala mahali popote. Wapo, na sio vibaya kwao. Zinaweza kutufaa na sisi, kama kila mkubwa atakuwa na mlango wake na meza yake. Kabla hujauliza habari za bwawa, uliza milango. Kama ni kabini moja, kataa. Kataa wewe, kwa kinywa chako, maana wewe ndiye mkubwa na Bahati anakuogopa bado. Mama hatakataa. Ataenda, atakaa nje, ataugua kifua, na atafia kwenye heshima huku tukisema alifurahi safari. Mimi sitakubali, hata kama Bahati hatasema nami mpaka nizeeke.

Nisalimie mume wako, umwambie shemeji yake wa huku amempa heshima zote. Msalimie Baba mdogo wa kanisani, mwambie magoti yake nayaombea. Msalimie mama mkwe wako, jirani yule wa maji, na shangazi yetu wa Kiringye akishuka sokoni. Watoto wabusu mmoja mmoja.

Na Mama, mpe barua hii ukishaisoma, nimeshavunja ahadi yangu na sitajificha. Lakini kabla ya kumpa, kaa naye jikoni mkiwa wawili. Usimuulize kama meli ilikuwa nzuri. Muulize alikuwa analala wapi, kisha unyamaze mpaka ajibu.

Mdogo wako anayekupenda na mwenye hasira,

Riziki, Mama Neema