Mzizi Mweupe Kaburini Kwako

Mama,

Mvua imerudi Uthiru hatimaye, na badala ya kufurahi nimeingiwa na hofu. Kuna nyasi zimechipuka juu ya kaburi lako. Njoroge anasema ni napia, yale majani ya kulisha ng'ombe. "Wacha uoga, Wangari. Angalau ng'ombe ipate kitu ya kutafuna." Unamjua kaka yangu, akishasema amesema.

Lakini nimepitisha kidole kwenye jani, na ni laini. Napia ina vinyweleo, ukiibeba begani unajikuna hadi jioni. Hili lina mstari mweupe katikati, na shina linaanza kuwa jekundu kwenye vifundo. Mama, ni mtama mwitu. Ule ule ulionionyesha siku ndama wa Mama Kimani alipokutwa miguu imekakamaa, majani bado mdomoni. Ulisema, "Ikichipuka baada ya kiangazi, hapo ndio iko na sumu. Hiyo kijani yake ni ya kukudanganya."

Tangu utuache, ni maziwa ya ng'ombe wako Nyakio yanayotulisha. Kiangazi kimembakisha mbavu tu. Kamba yake imechakaa, na nikiwa jikoni namsikia akiivuta kuelekea kwako.

Nilijiuliza nyasi hizi zilitoka wapi, maana uani kwetu hazikuwahi kuota. Kisha nikakumbuka magunia. Njoroge alileta udongo mweusi kutoka Woodley, kwa wale anaowatunzia bustani, ili tukupandie maua. Maua yalikauka yote. Mzizi ulikuwa humo kwenye udongo, ukingoja mvua.

Jana nilichimbua kwa vidole. Jembe sikuligusa, maana kila kifundo cha mzizi ule kina jicho, na ulinigombeza sana: "Ukiikatakata, umepanda." Nikaufuata, mweupe, mnene, pingili kwa pingili. Nilitaka uishie pale pembeni, nikaomba uishie. Ulipinda ukashuka chini, upande ulikolaza kichwa.

Nikatoa mkono. Kaburi halifukuliwi, wewe mwenyewe ulitulea hivyo. Nilimwita Njoroge aone, akasema afadhali tuuache. Lakini leo asubuhi Nyakio alikata kamba. Nilimkuta pua iko juu ya jani, nikamcharaza kwa mwiko wa ugali, mimi ambaye sijawahi kumpiga. Halafu nikamfunga upya, kamba mara mbili.

Naogopa, Mama. Nikiuacha mzizi, Nyakio atakufa. Nikiufuata, sijui mkono wangu utafika wapi. Naogopa kukugusa, na naogopa zaidi kwamba nitataka kukugusa.

Kesho tutaomba kwanza. Njoroge amekubali kumshika Nyakio, nami nitachimba polepole mpaka ncha. Nakuahidi sitaacha hata kifundo kimoja, na nitakufunika vizuri kuliko tulivyokufunika siku ile.

Pumzika, Mama. Ukisikia mtu anakwangua juu yako, usishtuke. Ni mimi. Uoga niachie mimi.

Binti yako,
Wangari