Neno Lililobaki Chini ya Kitambaa

MAELEZO YA SHAHIDI
Yameandikwa katika kituo cha polisi, Kisumu, Jumatatu tarehe 18 Februari 1991, mbele ya Inspekta Simiyu.

Jina: Seline Apiyo. Umri: miaka hamsini na mmoja. Kazi: mwalimu mkuu, shule ya msingi. Makao: Kisian, barabara ya Busia.

Nimeonywa niseme kweli. Sikuhitaji kuonywa, lakini Inspekta amesema lazima iandikwe.

Mimi ni mwanachama wa Chama cha Wapenzi wa Kiswahili, ambacho hukutana kila Jumamosi alasiri katika ukumbi wa kanisa moja karibu na soko la Kibuye. Kila juma mwanachama mmoja huleta neno la kujadiliwa. Hulitaja kwa mwenyekiti siku moja kabla, kisha huliandika ubaoni watu hawajaingia, na ubao hufunikwa kwa kitambaa. Baada ya sala na chai, mwenye zamu hukifunua kitambaa na kueleza neno lake. Pia tuna kanuni kwamba anayechanganya Kiswahili na Kijaluo, Kiingereza au lugha nyingine husimama, na haketi mpaka mwingine ateleze. Naeleza haya kwa sababu koplo wa polisi aliyekuja ukumbini Jumamosi iliyopita hakuyajua na hakuuliza.

Juma lililotangulia tukio hili tulijadili neno sufuria. Mwenyekiti wetu, Bwana Gordon Ogola, mkaguzi mstaafu wa shule, aliizungumzia sufuria mpaka chai ikapoa. Hiyo haikumtisha.

Mnamo tarehe 16 Februari 1991, Jumamosi, zamu ilikuwa ya Absalom Wabwire, seremala wa pale Kibuye, ambaye ndiye aliyetutengenezea huo ubao. Nilifika kama saa tisa. Ubao ulikuwa umefunikwa kwa kitambaa changu cha meza, cheupe chenye maua ya bluu. Baada ya chai Wabwire aliinuka kwenda kukifunua. Bwana Ogola akamwambia aketi. Alisema neno hilo lina siasa ndani yake, na chama chetu ni cha lugha. Wabwire akaketi.

Tulibishana alasiri nzima kama neno lijadiliwe au lisijadiliwe. Wengi hawakujua ni neno gani, lakini hilo halikuwazuia kuliogopa. Obiero, mweka hazina wetu, alipendekeza tungoje serikali ilijadili kwanza, halafu sisi tukubaliane nayo. Alipigiwa makofi. Ndugu mmoja aliomba tuongeze sala. Dada Elsie, ambaye ni muuguzi, alisema nyumba anayolala na watoto wake ni ya serikali, na kwamba kitambaa kikifunuliwa angeomba ruhusa atoke nje. Huyo simdharau. Alisema anaogopa, akaishia hapo. Wengine waliuita woga wao msimamo wa chama.

Mimi nilisema kwamba sufuria inaweza kujitunza yenyewe. Neno ambalo watu wanalinong'ona sokoni ndilo linalohitaji mahali pa kupimwa kwa utulivu, maana tukiliachia barabara litapimwa kwa mawe. Kama hatuwezi kuliangalia neno likiwa limeandikwa kwa chaki ubaoni, tujiite chama cha chai.

Bwana Ogola alinijibu kwa hasira, kwa Kiingereza, kwamba nimevunja utaratibu. Kwa kanuni yetu ilimlazimu kusimama, na kwa kweli alisimama. Hapo ndipo alipojiharibia, kwani Bwana Ogola akisimama mbele ya watu hawezi kunyamaza. Ili kutuonyesha ubaya wa neno hilo, alilitaja yeye mwenyewe kwa sauti. Kisha akasema, "Mnajua maana yake? Ni chama cha pili cha siasa kusimama kando ya hiki tulicho nacho, kikosoe wakubwa mchana kweupe, na wananchi wakichoka wakipe kura kitawale. Hiyo ndiyo sumu anayotuletea huyu."

Akatoa na mifano ya nchi za nje. Aliieleza maana vizuri kabisa, na waliokuwa hawajui walijua. Wabwire alikuwa ameketi kando ya ubao, mikono juu ya magoti. Alisema jambo moja tu: "Mzee, hata kitambaa sijatoa."

Wakati huo koplo aliingia na askari mwingine. Aliuliza, "Nani ameleta hii maneno hapa?" Bwana Ogola hakumjibu swali. Alimwambia, "Umechelewa, koplo. Nilikwambia mapema."

Ndipo nikaelewa. Alilijua neno tangu Ijumaa. Angeweza kumwambia Wabwire alete lingine, nasi tungejadili kijiko. Badala yake alituma habari polisi, akaja ukumbini, akaongoza sala, akanywa chai pamoja na yule mtu. Koplo alimkuta mtu mmoja amesimama anahutubia na mwingine ameketi kimya. Akamkamata aliyeketi. Waliuchukua na ubao.

Jana Jumapili, baada ya ibada, mke wa Wabwire, Nasipwondi, alikuja kwangu Kisian akiwa na mtoto mgongoni. Ameambiwa kwamba kosa ni uchochezi na kwamba mume wake anaweza kufungwa miaka mingi. Alisema, "Mama, mimi sijui hayo maneno yao. Lakini wewe ulikuwa huko. Si useme tu vile iliendaga." Nimekuja kusema vile ilivyoenda.

Leo hapa kituoni nimeulizwa mara kadhaa Wabwire alilieleza vipi neno hilo. Hakulieleza. Hakulitaja. Hakufunua kitambaa. Pia nimeambiwa nisilitaje katika maelezo haya, ndiyo sababu Inspekta anaandika "neno hilo" kila mahali. Namuuliza atamshtaki vipi mtu kwa neno ambalo kalamu ya serikali yenyewe inaliogopa. Ubao umeegemezwa nyuma ya kiti chake, na kitambaa bado kimefungwa kwa pini zangu. Tangu Jumamosi hakuna hapa mwanamume aliyethubutu kuchungulia.

Ikiwa kueleza maana ya neno hilo mbele ya watu ni kosa, aliyelitenda ni mmoja, na ni Bwana Gordon Ogola. Ameketi kwenye benchi la nje, amevaa koti, anasubiri kuandikisha maelezo yake dhidi ya Wabwire. Mlango uko wazi na nimesema kwa sauti ya darasani, kwa hiyo amenisikia.

Hivyo ndivyo nilivyoona na kusikia. Nimesomewa, na sina la kupunguza. Naomba Absalom Wabwire arudi kwa watoto wake, nami nirudishiwe kitambaa changu cha meza.

Sahihi: S. Apiyo

Upinzani.

Maandishi ya afisa: Maelezo haya nimeyaandika mimi kama shahidi alivyosema, nikamsomea, akatia sahihi. Neno lililo chini ya sahihi ameliandika yeye kwa mkono wake, mimi sikuliandika. Kitambaa hakijarudishwa, kwa kuwa kukiondoa kutafunua kielelezo. Mshukiwa bado yuko seli, na naomba maelekezo ya mkubwa wa kituo kama kuna la kumshtakia. Nilipotoka kumwita Bwana Ogola aje aandikishe maelezo yake, sikumkuta kwenye benchi.

Simiyu, Inspekta