Kura Moja Kutoka Ndola

Naviundu, Lubumbashi
Tarehe 12 Mei 2024

Mpendwa yaya Sylvain, kaka yangu mkubwa,

Jambo sana. Lydie na watoto wako wazima huko Ndola? Homa ya yule mdogo imepoa? Simu yako haishiki tangu wiki mbili, basi nimempa barua hii Chishimba, anayepeleka lori upande wenu. Sisi tunapumua tu.

Keti kwanza, yaya. Papa hayuko tena. Figo zilimshinda, na Jumanne tulimzika. Pole sana. Najua ni yeye, baba yako mkubwa, aliyekulea.

Kuna neno lingine, siwezi kulibeba peke yangu.

Unakumbuka, lile buku la hadithi za picha la Kapiteni Mukuba lilipotimiza miaka thelathini, wasomaji waliombwa kuandika nani wanampenda kuliko wote kati ya waandishi wake watatu. Papa alimwandika Kapiteni miaka kumi na moja, kwa jina lake Mbuyi. Lakini alitukataza wote, na wewe kwa simu: "Muntu wa nyumba yangu asinichague! Batasema tunajipendelea." Kiburi chake kile, mama ee! Tukatii. Mimi nilimchagua mzee Djuma, aliyeanzisha. Mdogo wetu Paulin vilevile. Kila mmoja wetu alifikiri mji mzima utamchagua Papa.

Djuma alipata kura mia mbili na kumi na nne. Caleb, anayeandika sasa, tisini. Papa alipata moja.

Moja, yaya! Nilikuwa tayari kumdanganya, lakini mwenye kuchapa buku alikuja mwenyewe na ile karatasi ya kura mpaka kitandani, akafikiri anamfariji. Macho ya Papa yalikuwa yamekwisha, basi nikamsomea mimi. Haikuwa na jina, muhuri wa Ndola tu kwenye bahasha. "Namchagua Mbuyi, kwa sababu katika hadithi zake Kapiteni anachoka, anaenda kukaa kwa mama yake, na mama hamuulizi kitu."

Akanifanya niisome mara nane. Nikafungua kinywa kusema, akanikata. "Sylvain hapana. Sylvain hajanivunjia neno tangu utoto. Huyu ni mugeni, Régine. Mugeni amenisoma!" Akacheka, na meno yake yale mawili. Nilikuwa sijamwona akicheka tangu Noeli.

Yaya, mwandiko wako ninaujua tangu ulipokuwa unanifanyia kazi za shule. Nikamwachia mgeni wake. Alikufa siku ya tatu, na karatasi tuliiweka katika mfuko wa shati lake.

Mama anakusalimu, anakuombea kwa machozi. Paulin pia. Mbusu Lydie na watoto kwa ajili yangu. Mungu akufunike huko uliko, akurudishe kwetu mzima.

Usimwambie mtu, hata Paulin. Na kama uliandika kwa huruma tu, basi hata mimi usiniambie.

Wako akupendaye, mdogo wako,
Régine