Kompyuta Yako Haipigwi Window

Biharamulo, Jumapili ya pili ya Septemba. Huu ni mwezi wa saba tangu niondoke nyumbani Bugarama.

Mpendwa kaka yangu Pastory,

Shikamoo. Najua huitikii, lakini sijawahi kuanza kuzungumza na wewe bila kukuamkia, na sitaanza leo kwa sababu tu umelazwa kaburini nyuma ya migomba ya mama.

Nakuandikia waziwazi, na wengine wasome, kwa sababu wengi wameisema kompyuta yako na mimi nimenyamaza. Wamesema imekufa. Wamesema niiuze vipuri. Wamesema ipigwe window, yaani kila ulichokiweka kifutwe, ile Linux yako, mfumo unaoiendesha, itolewe, iwe kama kompyuta za watu wengine. Leo nawajibu wote kupitia kwako: haipigwi.

Wengi wao hawajui kilichomo. Wanadhani ni mitihani ya wanafunzi wako. Kilichomo ni sauti ya mama akitaja vitu kwa Kihangaza, lugha yetu, jioni baada ya jioni, na wewe ukimuuliza. Unakumbuka ulivyoanza? Mama alikuwa anapukuchua maharage uani, mimi nanoa panga, wewe umekaa kwenye kigoda na kompyuta mapajani. Ukanyanyua jembe.

"Mama, hili linaitwaje?"

"Isuka," akasema. "Umesoma mpaka chuo na isuka huijui?"

"Naijua, mama. Nataka useme wewe."

"Haya. Isuka."

"Na mpini wake?"

"Umuhini. Na uandike vizuri, usije ukawaambia Wazungu ni fimbo ya kuchungia."

Nilicheka mpaka nikaweka panga chini. Wewe ukanikunjia uso, ukasema ninyamaze, mashine inanidaka na mimi. Ilinidaka kweli. Kicheko changu kimo humo mpaka leo. Ulisema watoto wetu wanakua wanajua neno la shuleni tu, jembe, siku moja watasimama kwenye shamba la bibi yao bila neno hata moja la kwake. Kwa hiyo ulikuwa unakusanya. Ulifika mbali, ila hukumaliza.

Sola ya kwetu unaijua. Wingu likipita juu ya kilima, taa inakonyeza. Ndiyo maana uliandika ile skripti, yale maagizo yako mafupi ambayo kompyuta inayafuata yenyewe bila kuambiwa, ya kutunza umeme. Ulinieleza huku ukila muhindi wa kuchoma, na sijasahau: "Usiamini waya. Waya unaweza kusema umeme upo, kumbe wingu liko njiani. Iulize betri." Basi kila baada ya dakika moja kompyuta inaiuliza betri imebakiwa na kiasi gani. Ikisikia ni kidogo, inahifadhi kazi, inaandika kwenye kioo maneno uliyoyatunga mwenyewe, "Betri imekwisha. Nazima. Lala salama," halafu inajizima. Mimi niliishia kidato cha pili, lakini hilo nililielewa siku ileile.

Ulipofariki, vitu vyako vilifungiwa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda cha mama. Kwetu vitu vya marehemu haviguswi mpaka ukoo ukae uvigawe, na ukoo haukuweza kukaa bila baba mdogo, naye alikuwa Geita kwenye shughuli zake. Alikawia. Mvua zilianza, zikaisha, maharage yakavunwa, sanduku limefungwa. Alipofika, vikagawanywa. Baiskeli ilikwenda kwa shemeji. Koti lako la sherehe alilichukua baba mdogo mwenyewe, na linambana mabegani, nalisema hapa hadharani. Kompyuta ilipobonyezwa haikuwaka, ikasukumwa kwangu kama makombo.

Simlaumu mtu kwa mila. Ila betri haijui mila. Ukiiacha muda wote ule bila chaji, inakufa. Ile betri ya ndani ilifia sandukuni, ikiomboleza pamoja nasi.

Niliifunga kwenye blanketi nikaja nayo huku. Kazi yangu ni karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Nalisha mawe tangu asubuhi, vumbi linaingia mpaka kwenye meno. Mgongo wangu si ule uliouacha. Nikatafuta fundi mjini, kijana mpole, akagundua kwamba kompyuta yako ina nafasi ya betri mbili: moja imefichwa ndani, nyingine inapachikwa kwa nyuma. Akanitafutia ya nyuma, iliyotumika lakini nzima. Akaipachika. Kaka, ikawaka! Ile picha ya kilima chetu ikatokea, na mafaili yako yote pembeni.

Kabla sijafungua hata moja, kioo kikaandika: "Betri imekwisha. Nazima. Lala salama." Kikawa cheusi.

Nikachaji kutwa nzima. Nikawasha. Lala salama. Nikaichomeka kwenye umeme wa karasha na kuiwasha hukohuko kwenye waya. Lala salama. Ninalala chumba kimoja na Shija, Msukuma kutoka Shinyanga, mtu ambaye mdomo wake haujawahi kupumzika. Akaniambia, "Mhangaza, hiyo kompyuta yako ina kifafa. Inaamka, inaaga, inaanguka."

"Haina kifafa. Ina tatizo."

"Basi ipeleke kwa mganga wa kwenu, maana fundi wa hapa ameshindwa."

Yeye alikuwa anatania. Mimi nilikuwa nasoma kwaheri yako kila ninapobonyeza. Wewe ulipougua ulishindwa kusema, hukumuaga mtu. Sasa ukawa unaniaga kila siku, tena mara nyingi, kwa maneno yaleyale. Kuna wiki niliacha kuiwasha kabisa.

Nilirudi kwa fundi. Akatoa diski yako, akaichomeka kwenye kompyuta yake, akasubiri, akanigeuzia kioo.

"Inasema haisomeki. Nikitaka kuitumia, niifute kwanza."

"Isifutwe."

"Bro, humu hamna kitu. Angalia mwenyewe."

"Kipo. Mashine yako haijui lugha yake tu."

"Tunapiga window, inakuwa mpya kabisa. Sema ndiyo tuendelee, watu wanasubiri."

Kidole chake kilikuwa tayari kwenye kitufe. Nikaweka kiganja changu juu ya kibodi yake yote, na mkono wangu unaujua ulivyo mpana, ulifunika kila herufi.

"Mzee, toa mkono."

"Toa diski kwanza."

Akacheka, akaitoa. Si mtu mbaya. Aliirudisha ndani, akakaza kila skrubu mahali pake, akaniambia, "Siku ukichoka, niko hapa." Nimechoka, kaka, nisikudanganye. Nimechoka mabega, nimechoka vumbi, nimechoka kulala kwenye kelele. Kwa hilo la diski tu ndiyo sijachoka, na sitachoka.

Baba mdogo naye akapiga simu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Bado unalibeba hilo jeneza la kompyuta?"

"Bado ninalo."

"Ipigwe window, uilete, vijana waangalie mpira. Marehemu alikuwa na digrii na hakumaliza hayo maneno yake. Wewe utayamaliza na kidato cha pili?"

Nilimjibu, "Ndiyo, baba." Akadhani nimekubali ipigwe. Nilikuwa najibu swali lake la mwisho.

Jumapili iliyopita karasha lilisimama, wanabadilisha beringi. Nikakaa mlangoni na kompyuta, Shija pembeni anamenya karanga. Niliyakumbuka maneno yako siku uliponifundisha lile dirisha jeusi la kuandikia amri, nami naogopa kugusa. Uliniambia, "Unaogopa nini? Kuuliza hakuvunji kitu. Kufuta ndiko kunakovunja." Nikaamua kuuliza tu. Kabla ya kuaga ilikuwa inanipa nafasi ndogo, inatosha swali moja. Haya, swali moja kila nikiwasha.

Nikawasha, nikauliza: una betri zipi? Ikajibu kwa majina mawili, BAT0 na BAT1. Lala salama.

Nikawasha, nikauliza hali ya BAT0. Ikajibu: 0. Lala salama.

Nikawasha, nikauliza hali ya BAT1. Ikajibu: 93 kwa mia.

Nikawasha tena, nikafungua skripti yako, nikasoma haraka kama mtu anayesoma jina lake kwenye matokeo. Uliandika: iulize BAT0. Basi. BAT1 haikutajwa popote. Ungeitajaje, ulikuwa na betri moja tu!

Nikashika magoti. Shija akaacha karanga.

"Vipi, imekufa moja kwa moja?"

"Hapana. Ina nguvu tele. Ila inamuuliza marehemu."

"Inamuuliza nani?"

"Ina betri mbili. Ya ndani imekufa, ya nyuma iko hai. Maagizo ya kaka yanaiuliza ya ndani peke yake."

Akanitazama, halafu akacheka mpaka karanga zikamwagika. "Sasa marehemu atajibu nini zaidi ya sifuri?"

Nilicheka na mimi, kaka. Nisamehe, ilikuwa inachekesha.

Kurekebisha kulitaka neno la siri. Nililijua, ni jina la yule ng'ombe aliyetupiga teke wote wawili asubuhi moja, na sitaliandika hapa maana barua hii inasomwa na watu. Mara ya kwanza vidole vyangu vilikuwa vizito, ikazima kabla sijahifadhi. Ya pili nikalikosea jina la ng'ombe. Ya tatu nikafika. Nikabadilisha tarakimu moja tu, sifuri ikawa moja, nikahifadhi, nikatoa mikono nikaiweka mapajani.

Tukangoja. Shija akaokota karanga mojamoja, macho kwenye kioo. Dakika ikapita. Nyingine ikapita. Feni ya ndani ikawa inavuma taratibu, na kile kilima chetu kikabaki pale kwenye kioo.

"Si ungeyafuta tu hayo maagizo yote?" akaniuliza. "Yamekutesa miezi."

Nikamwambia hapana. Umeme wa huku nao unakonyeza kama wa kwetu, na siku betri hii ikiisha kweli, nataka kazi ihifadhiwe kama ulivyopanga. Tena yale maneno ni yako. Sikuifuta kwaheri yako, kaka. Nimeizuia tu isije kabla ya wakati wake.

Kisha nikafungua sauti. "Mama, na hili?" Ukauliza hivyo, hapo mlangoni, Biharamulo. Shija alisikiliza lugha asiyoijua, mama alipopandisha sauti akaniuliza, "Bibi amekasirika?" Nikamwambia, "Hapana, ndivyo anavyotania." Nilisikiliza zote. Ya mwisho inakatika mama akikuambia zima hiyo kitu, njoo ule, ugali unapoa. Unasema, "Nakuja, mama." Halafu hakuna kitu.

Nimenakili zote kwenye flashi mbili. Moja ninayo shingoni, nyingine anaitunza Shija, ameifunga kwenye kitambaa na kunitisha kwamba akiipoteza atajifunza Kihangaza alipe.

Sasa niseme lililonifanya niandike. Tangu ulipoondoka, nyumbani kila kitu kinakuuliza wewe. Paa la jiko likivuja, jibu ni "Pastory angejua." Mpaka wa shamba ukigombewa, jibu ni "Angekuwepo Pastory." Mama anaacha sehemu ya maharage bila kulima kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa unaamua pa kuanzia. Kisha wanakaa chini, wanasema nyumba imekwisha. Sikubali. Nilikupenda kuliko wanavyojua, na kwa sababu hiyo sikubali uendelee kuulizwa mambo ya walio hai. Niulizeni mimi. Shule yangu ni fupi, r na l zangu zinagombana nikiongea haraka, nanuka vumbi la mawe. Lakini nipo.

Na baba mdogo asikie kutoka hapa, ili asiseme hakuambiwa: kompyuta hii si ya kuangalia mpira. Koti abaki nalo.

Juzi nilimwambia mama kwenye simu kwamba nimekusikia. Hakuuliza nimekusikiaje. Aliuliza, "Ananiita?" Nikamwambia ndiyo, mama, anakuita kila mahali humo ndani. Akasema hataki kusikia kwenye simu, sauti ya simu ni nyembamba. Anataka kompyuta iwekwe palepale uani, na kigoda chako.

Kwa hiyo nakuja. Karasha litafungwa kwa Krismasi, na siku litakapofungwa nitapanda basi la asubuhi kuelekea Ngara, nimalizie kwa bodaboda, kompyuta kifuani ndani ya blanketi lilelile. Nitampa mama asikilize mpaka atosheke. Kisha nitakaa kwenye kigoda, nishike kitu chochote kilicho karibu, nimuulize kinaitwaje. Jioni ataniambia nizime nikale. Nitamjibu kama ulivyomjibu, ila kwanza nitamaliza neno nililolianza.

Mdogo wako,
yule wa kicheko