Betri Isiyopenda Jua

Bibi yangu mpendwa, shikamoo kutoka Ifakara.

Kwenye karakana ya Mjomba limekuja gari lenye nyumba ndani: kitanda, jiko, hata friji! Wenyewe ni mzee mstaafu na mkewe. Mama huyo anatunza dawa yake ya kisukari kwenye friji, lakini betri za zamani, zile za maji, zilikuwa zinaisha nguvu kabla ya asubuhi. Kuzishusha kulihitaji wanaume wawili. Hizi mpya za lithiamu, ambazo Mjomba anawafungia badala yake, ni nyepesi, basi nikabeba moja mwenyewe, nikaiweka juani ipate nguvu, kama unavyofanya betri za redio yako.

Mjomba akapiga kelele, "Anjela! Unaanika mpunga?"

Kumbe hizi huharibiwa na joto. Nikaiondoa mbio, Bibi. Tuliisubiri kivulini mpaka ikapoa, akaipima, ikawa nzima. Nati ya mwisho akaniachia nikaze mimi.

Leo asubuhi yule mama amenigusisha kichupa cha dawa shavuni. Baridi kabisa! "Nimelala bila wasiwasi, fundi," akaniambia, na Mjomba hakucheka.

Za redio endelea kuanika. Nitauliza kwa nini zenyewe hupenda jua.

Mungu akutunzie magoti yako.

Mjukuu wako,
Anjela