SHINGO ILIYOPASULIWA EMAHLATHINI BILA RUHUSA

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA DHARURA CHA BODI YA HOSPITALI YA WILAYA YA EMAHLATHINI, KWAZULU-NATAL

Tarehe: 14 Agosti 2013
Mahali: Chumba cha mikutano, nyuma ya wodi ya wazazi

WALIOHUDHURIA
Bw. Mandlenkosi Gwala, mwalimu mkuu mstaafu – Mwenyekiti
Bw. Hlanganani Xulu, mfugaji – Mjumbe, mwakilishi wa wananchi
Bi. Ntombifikile Dludla, muuguzi mkuu – Mjumbe
Dkt. Zamashenge Mthiyane, daktari wa upasuaji – Mjumbe
Bi. Nokuphiwa Cele – Katibu

WAALIKWA
Dkt. Falakhe Mhlongo, mkuu wa upasuaji, hospitali ya rufaa
Bw. Mthokozisi Sibisi, mgonjwa

ASIYEHUDHURIA
Mchungaji Ngidi. Ametoa udhuru wa msiba.

KUMB. NA. 1/08/2013: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao saa 4:10 asubuhi. Aliwaomba wajumbe waache magomvi yao ya nje mlangoni. Bw. Xulu aliuliza kama mgonjwa naye aachwe mlangoni. Mwenyekiti alimtaka aheshimu kikao.

KUMB. NA. 2/08/2013: MALALAMIKO YA HOSPITALI YA RUFAA
Dkt. Mhlongo alieleza kwamba upo mwongozo kwa hospitali zote za wilaya: mtu aliyechomwa kisu shingoni azuiwe damu, apewe hewa, apelekwe rufaa. Asipasuliwe wilayani. Mwezi uliopita Dkt. Mthiyane alipiga simu kuhusu Bw. Sibisi, akaambiwa amsafirishe. Hakumsafirisha. Alimpasua. Kwa hiyo Dkt. Mhlongo alileta barua ya kukiri kosa na kuahidi kutorudia, akaomba Dkt. Mthiyane aitie sahihi mbele ya Bodi ili jambo liishe kimyakimya.

Dkt. Mthiyane alisema barua ameisoma na hatatia sahihi.

Mwenyekiti alimwomba aeleze kwanza kilichotokea, kwa maneno ambayo mtu asiye daktari anaweza kuyaelewa.

Dkt. Mthiyane alieleza kwamba Bw. Sibisi aliletwa na wenzake kwenye gari la kubebea mkaa, akitokea kilabuni. Kisu kilikuwa kimeingia upande wa kushoto wa shingo, na damu ilikuwa ikiruka. Kidole hakikutosha kuizuia. Alichukua mpira wa mkojo, akauingiza ndani ya jeraha lenyewe, akalijaza maji puto lililo kwenye ncha yake, kisha akashona ngozi kuuzunguka. Damu ikasimama. Hapo ndipo alipopiga simu, na gari la wagonjwa likaahidiwa.

Akiwa anasubiri, aliona shingo inafura upya. Damu haikutoka nje tena. Ilikuwa inajaa ndani na kulisukuma koo pembeni. Mgonjwa alianza kukoroma akiwa macho. Bi. Dludla alithibitisha kwamba aliyaona hayo, na kwamba gari lilikuwa bado upande wa pili wa mto, maji yakiwa juu ya daraja.

Dkt. Mthiyane alisema alimpitishia mpira wa hewa wakati njia bado ilikuwepo, akaipasua shingo kwa kufuata msuli wa mbele, akaubana mshipa mkuu unaopeleka damu kichwani chini ya jeraha na juu yake, ndipo akalitoa puto. Mshipa ulikuwa umechanika ubavuni. Aliushona. Mshipa mwingine mkubwa, ule wa kurudisha damu, ulikuwa haushoneki, akaufunga kabisa. Mgonjwa alizinduka asubuhi akaomba uji.

Dkt. Mhlongo alikiri kwamba kazi yenyewe ilikuwa safi. Hata hivyo alisema Bodi inapaswa kujua mwongozo ulitoka wapi. Miaka michache nyuma, katika hospitali nyingine ya wilaya, daktari kijana alipasua shingo ya namna hiyo, akalitoa puto kabla ya kuubana mshipa. Dkt. Mhlongo alikuwa ameitwa, akaendesha gari hadi huko. Katibu aliagizwa kuandika maneno yake kama yalivyo: "Nilifika nikakuta mgonjwa keshafunikwa shuka. Yule daktari alikuwa amekaa sakafuni, ameshika makasi. Ule mwongozo niliuandika mimi, kwa mkono wangu, wiki ileile. Sitaki kumkuta mwingine sakafuni."



Dkt. Mthiyane alisema pole kwa yaliyomkuta. Kisha akasema: "Lakini kaka, wewe uliandika sheria ya daktari asiyejua. Mimi najua. Ulinifundisha mwenyewe. Sasa unanitaka niahidi kwamba safari ijayo nitasimama nimtazame mtu anavyonyongwa na damu yake, mikono nimeweka mfukoni? Siahidi. Akija mwingine kesho, nitarudia."

Mwenyekiti alipendekeza neno "nitarudia" lilainishwe kwenye kumbukumbu. Dkt. Mthiyane alikataa.

KUMB. NA. 3/08/2013: MAELEZO YA MGONJWA
Bw. Sibisi aliruhusiwa kuzungumza. Sauti yake ni ya kukwaruza, na wajumbe walilazimika kusogeza viti. Alisema hakuja kushukuru. Alitaka kujua nani aliiharibu sauti yake, kisu au daktari.

Dkt. Mhlongo alishauri swali hilo lisijibiwe bila mwanasheria. Dkt. Mthiyane alilijibu. Alisema uzi wa fahamu unaoendesha sauti unapita hapohapo, kando ya mshipa alioushona. Inawezekana kisu ndicho kilichoukata. Inawezekana ni mkono wake. Damu ilikuwa nyingi, hakuona, na hatadanganya.

Dkt. Mhlongo alisema hilo ndilo analolisema tangu asubuhi.

Bw. Sibisi alimwambia: "Subiri, mzee. Sauti mbaya ninayo, na ndiyo hii nakusemesha nayo. Ningepandishwa kwenye gari lako, leo ungekuwa unabishana na nani?"

KUMB. NA. 4/08/2013: MJADALA NA MAAMUZI
Bw. Xulu aliomba nafasi. Alikumbusha kwamba Bw. Sibisi ndiye aliyemwibia mbuzi na kumvunja mpwa wake taya, na kijiji kizima kinajua. Bw. Sibisi hakukanusha. Bw. Xulu alisema aliposikia kijana huyo amechomwa, hakusikitika, na hata leo hasikitiki. Wajumbe walitarajia angeunga mkono malalamiko.

Badala yake alimgeukia Dkt. Mhlongo, akamwita kwa jina la heshima la ukoo wake: "Njomane, mimi huyu simpendi, na akitoka hapa asipite karibu na zizi langu. Lakini nina wajukuu, na wote wana shingo. Daktari akitia sahihi hiyo karatasi, ametia sahihi kwa ajili yao pia. Barua yako, rudi nayo."

Dkt. Mhlongo aliionya Bodi kwamba haina mamlaka juu ya mambo ya kitabibu, na kwamba Dkt. Mthiyane anaweza kusimamishwa kazi. Mwenyekiti alijibu kwamba amefundisha miaka mingi na anaijua barua ya kutishia mtoto akiiona. Katibu anabainisha kwamba kabla ya hapo Mwenyekiti hakuwahi kusema hivyo mbele ya mgeni.

Iliamuliwa, bila mjumbe kupinga:
(a) Barua isitiwe sahihi. Bodi iandike jibu la kukataa, na wajumbe wote watie majina yao chini yake, ili atakayeadhibiwa asiwe mmoja.
(b) Shingo isiyoweza kusubiri ipasuliwe Emahlathini, na Dkt. Mthiyane.
(c) Hospitali ya rufaa iombwe kumleta Dkt. Mhlongo awafundishe madaktari wengine wa hapa.

Kuhusu (c), Dkt. Mhlongo alisema atakuja Alhamisi na vyombo vyake mwenyewe. Alitaka iandikwe kwamba kuja kwake si kukubali uamuzi wa Bodi. Imeandikwa.

Kisha alimkumbusha Dkt. Mthiyane kwamba amri ya kumsimamisha ikitoka, atatakiwa kukabidhi ufunguo wa chumba cha upasuaji. Dkt. Mthiyane alisema: "Ufunguo ninao mimi. Anayeutaka avuke mto aje auchukue."

KUMB. NA. 5/08/2013: KUFUNGA KIKAO
Mwenyekiti alifunga kikao saa 6:25 mchana, Dkt. Mthiyane akiwa ameshaondoka kwenda wodini.

……………………………
M. Gwala, Mwenyekiti

……………………………
N. Cele, Katibu