Primus Alipokuwa Elektroni

Jumatatu, 2 Agosti 1954
Toka hapa mpaka Tarakea hakuna kichwa kama changu. Hata Mawenzi inanionea haya — leo imejifunika mawingu tangu asubuhi! Mwalimu Yakobo, yuleyule aliyenifukuza darasa la sita eti natoroka kwenda kutazama treni mjini, amenikuta nikimfundisha rafiki yangu Primus habari za atomu. Nilizisikia dirishani mwa darasa la wakubwa nikikata majani ya mbuzi. Kasema Jumamosi kamati ya shule inakutana. Niwaeleze wazee. Wakielewa, narudi darasani. Nikamwambia aniwekee dawati la mbele.

Jumanne, 3 Agosti
Nimejaribia kwa Mama. Kila kitu ni atomu. Katikati kuna kiini: protoni zenye chaji chanya, na nyutroni zisizo na chaji. Nje kuna elektroni, chaji hasi, nyepesi mno. Kati yao — patupu! Mama akauliza, hata huu mtori wa ndizi ni patupu? Hata huo, Mama. Akamimina wangu wote kwenye bakuli la dada Lukresia, akaniwekea bakuli kavu. "Haya Kornel, kula atomu." Lukresia alicheka mpaka akapaliwa. Wajinga wawili.

Alhamisi, 5 Agosti
Mpango tayari. Haidrojeni ndiyo ndogo kuliko zote: protoni moja, elektroni moja, basi. Punje ya buni itakuwa protoni. Kwa kipimo hicho elektroni itakuwa mbali kama hatua mia tatu! Itazunguka shule nzima, ikiruka mfongo, ule mfereji wetu wa maji, na kupita migombani kwa watu. Primus atakimbia.
"Kwa nini mimi?"
"Mimi nina kichwa, wewe una miguu."
"Na chaji yangu?"
"Hasi."
Akanuna. Nikamwambia bila hasi, chanya haina wa kumvuta. Akafurahi. Rahisi huyu!

Jumamosi, 7 Agosti
NIMESHINDA! Buni ilikuwa haionekani, wazee wakakodoa macho bure. Nikakimbia mfongoni juu ya shule, nikakuta kigogo cha mgomba kimelala tu, nikakisimamisha uwanjani, buni juu yake. Safi! Mzee Ildefonce, mwenyekiti, na tena ndiye mkuu wa mfongo unaotupa maji, akauliza, "Na huyo elektroni wako yuko wapi?" Nikapiga mluzi. Primus akatokea mgombani, akapita, akapotea. Wazee walimaliza kata nzima ya pombe ya mbege kabla hajaonekana tena.
"Hachoki?"
"Elektroni haichoki, Mzee."
Ulimi wa Primus ulikuwa nje kama wa mbwa.
Wakapitisha: Jumatatu narudi! Ndipo makelele — maji! Mfongo umefumuka, ulezi wa Mzee Ildefonce uliokuwa tayari kuvunwa umelala kwenye tope. Wakamkuta Primus hapohapo, matope mpaka magotini. Nani kakutuma kukanyaga ukingo wa mfongo? Akasema hakukanyaga. Jina langu hakulitaja.

Jumapili, 8 Agosti
Baada ya misa wazee wa mfongo wamekata shauri. Mama Hilaria, mama yake Primus, hapewi zamu ya maji mwezi mzima. Mjane yule! Miche yake mia mbili ya kahawa kaipanda juzi tu, na jua ndilo hili. Akanisimamisha mlangoni mwa kanisa. Kornel baba, wewe ulikuwepo, mwanangu kweli alikanyaga?
Nikasema sikuona, nilikuwa naeleza.

Jumatatu, 9 Agosti
Dawati la mbele. Jioni nimekutana na Primus anapanda kutoka mtoni korongoni, ndoo kichwani, ya kumi na mbili. "Shikamoo, Protoni!" Akacheka. Mimi sikucheka.

Jumanne, 10 Agosti
Nimekata jani la sale. Ukija nalo kuomba msamaha, mzee hawezi kukufukuza bila kukusikiliza. Nimekaa nje ya ua wa Mzee Ildefonce, daftari gotini. Nikiingia, dawati limekwenda. Kaniona — anauliza toka ndani, nani huyo anaandika badala ya kubisha hodi?
Primus aliruka mfongo vizuri kila mara, ukingo hakuugusa. Kile kigogo cha mgomba hakikuwa kimelala tu. Kilikuwa kizibo cha maji ya kwenda kwenye ulezi. Nilijua nilipokuwa nakichomoa.